Nasreen Anayekaa Siku Nzima Kabla ya Mgeni Kufika

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Nasreen Abdillah ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, ukingoni mwa bonde la majimaji huko Nyakatuntu, wilayani Kyerwa. Ukungu bado umelala juu ya majani. Mapajani ana daftari la shule, na mkononi darubini yenye jicho moja zima. Jicho la pili halioni kitu tangu ilipoanguka kutoka kwenye pikipiki.

Hasogei. Mbu akitua shavuni mwake humfukuza kwa kupuliza hewa kwa upande wa mdomo.

Hatua chache nyuma yake, Kahigi, dereva wa bodaboda anayembeba kwa mwaka wa sita sasa, amejilaza juu ya tangi la pikipiki, kofia imemfunika macho. Kazi ya abiria wake ameizoea, ingawa kuicheka hajaacha.

"Wenzake wanakwenda shamba, Mama Hanifu anakwenda kukaa," anasema kwa sauti ya chini, akimwita Nasreen kwa jina la mwanawe. "Na akirudi nyumbani anasema amechoka."

Kazi yenyewe ni kuwachagulia wasafiri mahali pa kwenda. Kampuni za utalii za mijini, walimu wenye vikundi vya wanafunzi na familia zinazokuja likizo Karagwe na Kyerwa humpigia simu Nasreen, naye huwaambia waende wapi, saa ngapi, wangapi kwa mara moja, na wapi wasikanyage. Sharti lake ni moja: hampeleki mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hajakaa kuanzia jua linapochomoza hadi linapotua.

Leo amekuja kutafuta jibu la swali moja. Je, korongo wenye taji wametaga katika bonde hili, au hawajataga? Kabla ya saa sita mchana kampuni moja ya Mwanza inataka kujua kama watu wake kumi na wanne waje Nyakatuntu wiki mbili zijazo. Wakija, kampuni itaingia naye mkataba wa mwaka mzima, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii atakuwa na uhakika wa mwezi ujao.

Kama korongo wametaga, wageni hawaji. Hilo alishajiapia.

"Nisiseme uongo," anasema, macho yakiwa bondeni. "Usiku, baada ya kuswali, nilijikuta naomba wasiwepo. Mimi! Halafu nikaona haya."

Nasreen ana umri wa miaka arobaini na mitatu na ni mtoto wa duka. Babu yake alitoka Pangani na mzigo wa chumvi na kaniki, akafika Karagwe, akaoa, na safari ya kurudi akawa anaiahirisha mpaka alipozikwa Omurushaka. Baba yake alirithi duka. Leo kaka yake ndiye anayeuza vitenge mbele, na Nasreen ana meza yake nyuma, katikati ya majora, ambapo wageni hufika wakipiga chafya.

Kabla ya hapo alifanya kazi miaka tisa mapokezi, katika nyumba moja ya kulala wageni mjini Kayanga. Kila asubuhi wageni walimuuliza swali lile lile: hapa kuna nini cha kuona? Naye, kama wenzake wote wa mapokezi, aliwaelekeza kwenye kilima kimoja chenye maporomoko madogo ya maji, kwa sababu palikuwa karibu, na njia yake ilijulikana.

Mwaka wa kwanza njia ile ilikuwa ya mtu mmoja mmoja. Mwaka wa nne ilipitisha gari. Miti ilichongwa majina ya wapenzi, chupa za plastiki zikaziba mfereji, na nyani wakajifunza kupora mikoba. Mgeni mmoja alirudi mapokezi akamwambia kwamba amelipa nauli kuja kuona dampo.

"Hakuna aliyekuja usiku akapaharibu," anasema Nasreen. "Tulipaharibu sisi wa mapokezi, kwa mdomo tu. Kila siku 'nendeni kule, nendeni kule'. Pakafa."

Ndipo alipoanza daftari. Sasa yamejaa saba. Humo haandiki sifa za mahali, maana sifa, anasema, kila mtu anaziona. Anaandika ng'ombe wanapita saa ngapi, wanawake wanachota maji upande upi, gari likikwama litavutwa na nani, na nini kinaruka anapokohoa.

Naam, anapokohoa. Hiyo ni njia yake mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Akishakaa kimya hadi ndege na wanyama wamsahau, hukohoa mara moja kwa nguvu, kisha anatazama. Wakigeuza shingo tu na kuendelea kula, mahali hapo panaweza kubeba wageni. Wakitawanyika, panapigwa mstari kwenye daftari.

"Kikohozi changu kimoja ni sawa na wageni watatu," anaeleza. Kahigi anadakia kwamba kwa jinsi anavyokohoa, ni sawa na basi zima.

Kati ya mahali thelathini na moja alipokwisha kukaa, ni kumi na mbili tu palipo wazi kwa wageni. Kuna shamba la kahawa huko Bweranyange ambapo mgeni huchuma, huanika na kutafuna kahawa iliyochemshwa na kukaushwa kama wenyeji. Kuna mgongo wa kilima huko Kibingo ambapo jioni mtu huona mabonde matatu bila kukanyaga hata moja. Palipobaki amepapumzisha, na pengine papumzike mpaka atakapozeeka.

Mapato yake si ya kutangaza. Mwezi mzuri hupata laki nne, na mwezi mbaya huuza vitenge. Amewahi kushawishiwa na jamaa wenye magari afungue mahali pote thelathini na moja awe tajiri. Aliwajibu kwamba akifungua pote, mwaka wa tatu atakuwa anauza vitenge moja kwa moja.

Nyakatuntu palipata kufunguliwa mara moja tu. Palikuwa fahari yake. Jinsi palivyofungwa ni habari anayoisimulia polepole, na anaposimulia huchora vimistari pembeni mwa karatasi.

Ilikuwa Januari, miaka miwili iliyopita. Alikuwa amekaa hapa siku tatu nzima, amekohoa, na korongo wawili hawakumjali. Aliomba ruhusa ya kijiji, akapewa barua yenye muhuri. Kisha akaitisha mkutano na wanakijiji ili kuwaandaa kupokea kundi la kwanza, wageni tisa, wengi wao walimu wastaafu wa Mwanza.

Katika mkutano ule aliogopa jambo moja: kwamba watu watajipamba, waimbe nyimbo za kukariri, wauze vinyago vya kununua mjini. Ameyaona hayo kwingine na yanamchefua. Kwa hiyo alisimama akasema maneno ambayo mpaka leo anayajua kwa moyo.

"Niliwaambia, 'Msifanye lolote la kigeni. Wapokeeni kama mnavyowapokea wageni wenu wenyewe.' Basi wakawapokea."

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa kilichofuata. Katika nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa, mgeni wa heshima hatandikiwi mkeka peke yake. Hutandikiwa majani mabichi sakafuni, yaliyokatwa asubuhi ile ile, laini, yenye harufu ya umande. Kumkalisha mgeni juu ya udongo mtupu ni kumwambia kwamba hukumtarajia, au umemtarajia ukachukia.

Ilikuwa kiangazi kifupi. Majani ya kilimani yalikuwa makavu na yenye kuchoma. Mabichi yalikuwa mahali pamoja tu, bondeni.

Aliyeongoza ukataji alikuwa Mukandekezi, mjane wa miaka hamsini na minane ambaye wazazi wake walitoka Rwanda wakalowea hapa. Hakuna mkono mwepesi kuliko wake kwa mundu. Kwa siku tatu yeye na wanawake kumi na wawili waliamka kabla ya jogoo, wakakata, wakabeba, wakatandika. Walitandika kuanzia pale magari yaliposimama hadi ukingoni mwa maji, hatua zaidi ya mia mbili, na mwisho wake wakaweka duara la kukalia.

Wageni walifurahi mno. Walivua viatu. Walipiga picha za miguu yao juu ya majani, na wengine walilia, kwa kuwa hawakuwahi kupokelewa namna ile maishani mwao. Ni mwalimu mmoja tu, Restuta, mwanamke wa miaka sabini hivi mwenye fimbo, aliyegeuka akauliza kwa upole: na korongo wenyewe wako wapi?

Nasreen alitazama. Bonde lilikuwa limenyolewa. Hatua thelathini kutoka kwenye duara la kukalia aliona rundo la matete yaliyolalia maji, na juu yake maganda ya mayai. Kunguru walikuwa wamemaliza.

"Walikata kuzunguka kiota, hawakukigusa. Waliona wamekihurumia," anasema. "Lakini korongo hakai uwanjani. Ukimwondolea majani umemvua nguo. Nikasema Mungu wangu, hawa mama wamefanya nilichowaambia, neno kwa neno."

Siku ile hakumlaumu mtu. Alirudi Omurushaka, akapiga mstari kwenye daftari, akatuma ujumbe kwamba Nyakatuntu haitapokea wageni tena mpaka korongo warudi kutaga. Hapo ndipo alipokosea mara ya pili, maana ujumbe ule ulifika kabla yake. Kijiji kilisikia tu kwamba wageni hawaji tena. Mukandekezi, aliyekuwa na mikono iliyochanikachanika kwa sababu ya heshima, aliuliza mbele ya watu wamekosa nini.

Kwa mwaka mzima hakuitikia salamu za Nasreen. Nasreen alimwamkia shikamoo mnadani, mama akaendelea kuchagua viazi.

Hili lilimuumiza kuliko maganda ya mayai, na anakiri hivyo bila kuona soni. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akabaki na jeraha.

Siku moja aliamua kuja bila daftari. Alimkuta Mukandekezi bondeni, akaketi karibu naye, akamwomba radhi kwa maneno yake ya mkutanoni. Alimweleza kwamba yeye ndiye aliyestahili kuuliza: nani anakata majani hapa, na anakata wapi? Aliuliza ofisi, aliuliza wenye mihuri, hakumuuliza mwenye mundu. Mukandekezi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu ambacho Nasreen hakukitegemea.

"Mwanangu Nasirini, mimi nimekua nikiiona *imisambi* hii," alimwambia, akiwataja korongo kwa jina la nyumbani kwao. "Ungeniambia wageni wanakuja kwa ajili yao, ningejua nani wa kumtandikia. Nilidhani wanakuja kwetu."

Wiki iliyofuata, wanawake wale wale walipanda miramura kuzunguka sehemu ya bonde. Mramura ni mmea wa mpaka, na mtu wa Kyerwa anajua tangu utotoni kwamba akiuvuka na mundu ameanzisha kesi. Tangu hapo hakuna aliyekata ndani ya mstari ule. Majani yalirudi. Mwaka jana korongo walipita, wakatua, wakaondoka. Nasreen aliyaandika hayo, akasubiri.

Saa moja na dakika ishirini, ukungu unapasuka.

Korongo mmoja anaonekana upande wa pili, taji lake la dhahabu likiwaka. Anatembea taratibu kuelekea kwenye matete mazito. Anasimama. Anainama. Kutoka katikati ya matete anainuka wa pili, aliyekuwa amefichika kabisa, anajinyoosha bawa moja baada ya jingine, anaondoka kwenda kula. Yule wa kwanza anashuka mahali pale pale, na hakuna kinachoonekana tena ila majani.

Wamebadilishana zamu. Nasreen hahitaji jibu jingine, na leo hakohoi.

Anaandika mstari mmoja, anafunga daftari, na kwa muda mrefu anabaki ameliweka kifuani. Machozi yanamtoka, na akiulizwa ni ya furaha au ya mkataba, anajibu kwamba yamechanganyika, asiulizwe zaidi.

Mukandekezi anateremka kutoka njia ya migombani, khanga mbili mabegani kwa baridi. Nasreen anasimama kumwamkia, na siku hizi anaitikiwa. Mama anasema leo ni siku ya kumi na moja tangu watage. Alijua siku zote hizo na hakupiga simu. Nasreen anamuuliza kwa nini amemwacha asafiri.

"Ningekupigia ungeniuliza kama nina hakika," anajibu Mukandekezi. "Na wewe una wageni. Nilitaka uwaone kwanza ndipo uamue."

Saa tatu kasoro, juu ya kilima ambako mtandao unashika, Nasreen anampigia Adelard, msimamizi wa safari wa ile kampuni ya Mwanza. Mazungumzo ni ya adabu na marefu. Adelard anasema wageni wamekwisha kuona picha za korongo. Anapendekeza waje dakika kumi tu, watazame kwa mbali, wasishuke hata garini. Nasreen anamweleza kwamba mayai yataanguliwa ndani ya wiki tatu, na vifaranga watakaa kama miezi mitatu au zaidi bila kuruka. Badala yake anapendekeza mgongo wa kilima cha Kibingo, ambako jioni korongo wengine hushuka kula kwenye mashamba ya maharage yaliyokwisha kuvunwa. Anampa na shamba la kahawa la Bweranyange, siku mbili nzima.

Adelard anasema atawauliza wakubwa wake. Baada ya nusu saa anapiga. Wakubwa wamesema kundi hili litapelekwa kwingine, na habari ya mkataba iachwe kwanza.

"Dada, mimi nakuelewa," anasikika akisema. "Lakini wewe unauza duka ambalo umelifunga mwenyewe."

Nasreen anamshukuru, anamtakia kazi njema, anakata simu. Kahigi anawasha pikipiki na kumpeleka nyumbani kwa Mukandekezi.

Ni nyumba ya tofali za kuchoma katikati ya migomba, na kila mara Nasreen alipoingia humo, hata siku ile ya kuomba radhi walipotoka bondeni, alikuta majani mabichi sakafuni. Leo anavua viatu mlangoni kama kawaida, na wayo wake unagusa udongo baridi. Sakafu imefagiwa mpaka inang'aa. Hakuna jani.

Anasita kizingitini. Mukandekezi anamwona anavyositasita.

"Kiangazi hiki mabichi yako kule tu," anasema, akielekeza kidevu bondeni. "Na kule kuna mtu amelala. Keti, mwanangu."

Nasreen anaketi. Kahigi anaketi. Mama analeta sahani ya kahawa za kutafuna, na ndizi zilizopikwa na maharage. Wanakula wakiongea habari za mvua na bei ya kahawa. Habari ya kampuni Nasreen anaitaja kwa kifupi, na Mukandekezi anatikisa kichwa. Kikundi chao cha wanawake kilitegemea fedha za wageni hao kwa ajili ya bati za jengo la kusubiria wagonjwa kwenye zahanati. Anasema bati zitasubiri, mvua ya masika watajibanza kama walivyojibanza mwaka jana. Hasemi kwamba haidhuru.

Mpango wa Nasreen ni wa Julai. Ifikapo hapo vifaranga watakuwa wameruka, na Nyakatuntu itafunguliwa kwa watu sita kwa siku, siku mbili kwa wiki, wakiongozwa na Mukandekezi na wenzake. Hakuna gari litakalovuka mstari wa miramura. Ada ya kijiji italipwa mikononi mwa kikundi cha wanawake, kwa kuwa ndio wenye mundu. Kati ya sasa na Julai atauza vitenge.

Na mgeni wa kwanza anamjua. Mwalimu Restuta, yule wa fimbo, hupiga simu kila Januari kuuliza jambo moja tu: wamerudi? Miaka miwili amejibiwa hapana, naye husema 'haya', kisha hukata simu.

Kabla ya kupanda pikipiki, Nasreen anasimama uani na kumpigia.

"Shikamoo mwalimu. Wamerudi," anamwambia. "Tafadhali usije."

Upande wa pili kinasikika kicheko cha kikongwe. Mwalimu anasema atasubiri. Ana miaka sabini na miwili na haraka zake zote zilikwisha siku alipostaafu. Anahesabu miezi hadi Julai kwa sauti, kisha anauliza aje na zawadi gani kwa yule mama aliyewatandikia majani.

Nasreen anageuka kumuuliza mwenyewe. Mukandekezi yuko mlangoni na ufagio mkononi, anafikiri kidogo tu.

"Mwambie aje na mkeka wake."